Antoine Lavoisier: Aliyeipima hewa kwa mizani

Chukua msumari mpya wa chuma, uupime kwenye mizani nyeti, kisha uuache mahali penye unyevu hadi ushike kutu. Ukiupima tena pamoja na kutu yake yote, utakuta umepungua au umeongezeka uzito? Wengi wetu tungesema umepungua, kwa sababu tunaiona kutu kama ugonjwa unaokula chuma. Lakini mizani itaonyesha kwamba msumari umeongezeka uzito.

Sasa fikiria gogo la kuni. Ukilichoma lote, majivu yanayobaki unaweza kuyabeba kwenye kopo. Uzito wa gogo umekwenda wapi? Na kwa nini chuma kinachoshika kutu kinaongezeka, ilhali kuni zinazoungua zinapungua?

Maswali haya yaliwasumbua wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi. Aliyeyapatia jibu ni Mfaransa mmoja, Antoine Lavoisier, ambaye wengi humwita baba wa kemia ya kisasa. Katika makala hii tunaeleza maisha yake, kazi yake, na jinsi kazi nyingine aliyoifanya, ile iliyompatia fedha, ilivyomfikisha kwenye kifo.

Mtoto wa mwanasheria

Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye uwezo. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na akalelewa na bibi pamoja na mama yake mdogo.

Kwa kufuata nyayo za baba, alisomea sheria na kuhitimu, lakini hakufanya kazi ya uwakili. Moyo wake ulikuwa kwenye sayansi. Alihudhuria mihadhara ya kemia, akasafiri na mtaalamu wa miamba kuchora ramani za madini ya Ufaransa, na mwaka 1768, akiwa na umri wa miaka 24 tu, akaingizwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Hicho kilikuwa chombo cha wanasayansi wakubwa wa nchi hiyo.

Siku 101 za kupasha maji moto

Wakati huo watu wengi wenye elimu bado waliamini fundisho la zamani la Wagiriki, kwamba vitu vyote vimetokana na asili nne: ardhi, maji, hewa na moto. Baadhi yao walisema maji yakichemshwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa ardhi. Ushahidi wao ulikuwa ule unga mweupe unaobaki chini ya chombo baada ya kuchemsha.

Lavoisier aliamua kuhakikisha. Mwaka 1768 alichukua chombo cha kioo kilichotengenezwa ili mvuke upande juu, upoe, kisha urudi chini ukiwa maji. Alikipima kikiwa kitupu, akapima na maji, akakiziba, halafu akakipasha moto kwa siku 101. Mwishoni kweli kulikuwa na chembechembe ngumu ndani. Lakini alipopima kila kitu upya, uzito wa jumla haukuwa umebadilika. Maji yalikuwa yaleyale. Kilichopungua ni chombo cha kioo, na upungufu huo ulikaribiana na uzito wa zile chembechembe. Kwa maneno mengine, maji ya moto yalikuwa yamemega kioo kidogo kidogo. Hayakugeuka kuwa ardhi.

Hapa tunaweza kueleza jambo la kwanza la msingi. Maji yanapogeuka mvuke, na mvuke unapogeuka maji, hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Maji ni yaleyale katika hali nyingine. Haya huitwa mabadiliko ya kimaumbile. Barafu inayoyeyuka, mafuta ya nazi yanayoganda asubuhi ya baridi, mahindi yanayosagwa kuwa unga na sukari inayoyeyuka kwenye chai ni mabadiliko ya aina hiyo. Sura imebadilika, lakini kitu chenyewe hakijabadilika. Ukikausha maji ya chumvi juani, chumvi yako unaipata.

Mabadiliko ya kikemikali ni tofauti. Hapo kitu kipya huzaliwa, chenye tabia nyingine kabisa. Sukari ileile ukiiunguza kwenye sufuria kavu, inakuwa nyeusi na chungu, na moshi unatoka. Hiyo si sukari tena. Vivyo hivyo kuni kuwa majivu, chuma kuwa kutu, na maziwa kuchachuka.

Fedha zilizonunua mizani

Mwaka huohuo wa 1768, Lavoisier alifanya uamuzi ambao baadaye ungemgharimu uhai. Alinunua hisa katika kampuni ya watu binafsi iliyokodishiwa na mfalme kazi ya kukusanya kodi. Kampuni ilimlipa mfalme kiasi walichokubaliana, halafu ikawatoza wananchi, na ziada ikawa faida ya wenye hisa. Kodi zenyewe zilikuwa kwenye bidhaa ambazo maskini hakuweza kuziepuka, ikiwemo chumvi, pamoja na tumbaku na bidhaa zilizoingia mijini. Wakusanyaji walichukiwa sana na wananchi.

Faida hiyo ndiyo iliyomwezesha kujenga maabara na kuagiza mizani bora kuliko za wengi katika Ulaya ya wakati ule. Asubuhi na jioni alifanya utafiti, na mchana alishughulikia kodi na kazi za serikali.

Hata katika kodi alitumia kemia. Wafanyabiashara wadanganyifu walikuwa wakichanganya majivu kwenye tumbaku ili kuongeza uzito. Mchanganyiko huo ni mabadiliko ya kimaumbile tu, kwa hiyo kwa macho ni vigumu kuugundua. Lavoisier alishauri tumbaku imwagiwe asidi kidogo: ikitoa povu na kuchemka kwa sauti, ina majivu. Asidi inapokutana na majivu yanatokea mabadiliko ya kikemikali, na gesi hutoka.

Fumbo la moto

Wanakemia wa wakati huo walikuwa na maelezo yao kuhusu moto. Walisema kila kinachoungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, na kinapoungua, flojistoni hutoka na kupotelea hewani. Kwa kuni maelezo yalikubalika, kwa sababu kuni hupungua. Lakini metali zikiunguzwa hadi kuwa unga huongezeka uzito. Kitu kinawezaje kutoa sehemu yake na bado kikawa kizito zaidi?

Mwaka 1772 Lavoisier alichoma salfa na fosforasi, akakuta nazo zinaongezeka uzito. Tarehe 1 Novemba mwaka huo aliandika matokeo hayo, akayafunga kwa lakiri na kuyakabidhi Chuo cha Sayansi, ili mtu mwingine asije kudai ametangulia.

Kisha akachukua stani, metali laini inayotumika kulehemu, akaiweka ndani ya chombo cha kioo, akakiziba na kukipasha moto. Sehemu ya stani ikawa unga, lakini uzito wa chombo chote haukubadilika. Alipofungua, hewa iliingia kwa kasi, na hapo ndipo uzito ukaongezeka. Metali ilikuwa imechukua kitu kutoka katika hewa iliyokuwemo ndani, na hewa ya nje ikaingia kujaza pengo.

Kwa hiyo jibu lilikuwa kwenye hewa. Wengine walikuwa wakipima kile walichoweza kukishika, naye akaamua kupima pia kile kisichoonekana.

Siku 12 za zebaki

Lakini ni sehemu gani ya hewa iliyochukuliwa? Msaada ulitoka kwa Mwingereza. Mwezi Agosti 1774, Joseph Priestley alipasha moto unga mwekundu wa zebaki kwa kutumia lenzi na jua, akapata gesi ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa mwanga mkali kupita kawaida. Mwezi Oktoba alifika Paris, na akiwa mezani na Lavoisier akasimulia alichokiona. Huko Sweden, mfamasia Carl Scheele alikuwa tayari ameipata gesi hiyohiyo kabla yao, ila maandishi yake yalichelewa kuchapishwa.

Lavoisier aliirudia kazi hiyo kwa namna yake. Alipasha moto zebaki kwa siku 12 ndani ya chombo kilichofungiwa hewa. Unga mwekundu ukajitokeza juu ya zebaki, na hewa ikapungua kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa na kuua wanyama. Kisha akauchukua ule unga mwekundu, akaupasha moto mkali zaidi. Zebaki ikarudi, na gesi ikatoka kwa kiasi kilichokaribiana na kile kilichopotea. Alipoichanganya gesi hiyo na ile hewa iliyozima mshumaa, alipata hewa ya kawaida.

Tunaomba msikilizaji asijaribu jambo hili nyumbani. Mvuke wa zebaki ni sumu kali, na ndiyo hatari inayowakabili wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaochoma zebaki.

Jaribio hili linatufunza pia kwamba tusiseme mabadiliko ya kikemikali hayarudi nyuma kamwe. Zebaki iligeuka unga mwekundu, na unga ukarudi kuwa zebaki. Swali la kuuliza ni kama kimezaliwa kitu kipya, na si kama kinaweza kurudi.

Gesi ile Lavoisier aliipa jina la oksijeni, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kinachozaa asidi. Hapo alikosea, kwani alidhani kila asidi ina oksijeni, na baadaye ilithibitika kuwa si kweli. Jina hata hivyo limebaki. Lawama nyingine anayostahili ni kwamba hakumpa Priestley sifa yake ipasavyo. Lakini Priestley aliendelea kuamini flojistoni hadi mwisho wa maisha yake. Aliipata gesi, na Lavoisier ndiye aliyeeleza kazi yake.

Sasa tunaweza kujibu maswali yetu ya mwanzo. Chuma kinaposhika kutu hujiunga na oksijeni, na uzito unaoongezeka ni wa oksijeni hiyo, pamoja na unyevu kidogo. Kuni nazo hujiunga na oksijeni, lakini sehemu kubwa ya kinachozaliwa ni gesi na mvuke unaopaa. Kama ungeweza kukusanya moshi, gesi na majivu yote ukayapima, ungekuta uzito wa kuni pamoja na wa oksijeni zilizotumia. Hakuna kilichopotea. Lavoisier hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, lakini ndiye aliyeifanya kuwa kanuni ya kazi ya kila siku ya kemia.

Mke aliyekuwa mwenzake kazini

Mwaka 1771 Lavoisier alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya kodi. Alikuwa na umri wa miaka 13 tu, na bwana harusi miaka 28. Ndoa za namna hiyo zilifanyika katika familia tajiri za wakati ule.

Marie-Anne akajifunza kemia na Kiingereza, lugha ambayo mumewe hakuimudu, akawa anamtafsiria maandishi ya Waingereza. Alisomea pia uchoraji kwa mchoraji maarufu Jacques-Louis David. Aliandika kumbukumbu za majaribio, na michoro ya vifaa iliyo katika kitabu kikuu cha Lavoisier ni kazi ya mikono yake. Kwa michoro hiyo, wanasayansi wa nchi nyingine waliweza kutengeneza vifaa vilevile na kuhakikisha wenyewe.

Maji nayo yanavunjwa

Mwaka 1783 Lavoisier, akitumia pia habari za utafiti wa Mwingereza Henry Cavendish, alionyesha kwamba haidrojeni ikiungua katika oksijeni huzaa maji. Baadaye akafanya kinyume chake: alipitisha mvuke ndani ya mtutu wa bunduki uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu. Chuma kikachukua oksijeni, na haidrojeni ikatoka upande wa pili.

Fundisho la asili nne likaanguka. Hewa ni mchanganyiko wa gesi. Maji ni muungano wa vitu viwili, na leo tunajua kwamba katika kila kilo 9 za maji, takriban kilo 8 ni oksijeni na kilo 1 ni haidrojeni. Haidrojeni inawaka na oksijeni inachochea moto, lakini zikiungana zinazaa kitu tunachozimia moto.

Mwaka 1789 alichapisha kitabu cha mafunzo ya kemia. Humo alisema elementi ni kitu ambacho hatujaweza kukivunja kuwa vitu vingine kwa njia yoyote tuliyo nayo. Aliorodhesha 33, zikiwemo oksijeni, haidrojeni, kaboni, salfa, chuma, shaba, dhahabu na zebaki. Aliingiza pia mwanga na joto, ambavyo leo tunajua si elementi. Aliiweka na chokaa, ila akaonya kwamba huenda siku moja ingevunjwa. Mwaka 1808 Mwingereza Humphry Davy aliivunja, akapata elementi ya kalisi, ambayo ndiyo imo ndani ya mifupa na meno yetu. Leo elementi zinazojulikana ni 118.

Pumzi ni moto wa polepole

Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi, mnyama mdogo wa kufugwa, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, na gesi aliyoitoa kwa kupumua. Wakafanya hivyo pia kwa mkaa unaowaka, na hesabu zikakaribiana. Wakahitimisha kwamba kupumua ni aina ya kuungua polepole, ambapo chakula ndicho kuni. Baadaye Lavoisier alionyesha kwamba mtu anayefanya kazi ngumu hutumia oksijeni nyingi zaidi kuliko aliyepumzika. Ndiyo maana mkulima anayelima kutwa anahitaji kula zaidi.

Hapa pana onyo kwa kila nyumba. Jiko la mkaa na watu waliolala katika chumba kilichofungwa wanagombea oksijeni ileile. Zaidi ya hapo, oksijeni inapopungua, mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua mtu akiwa usingizini. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

Mkulima, ukuta na kisu

Lavoisier alikuwa pia na shamba katika kijiji cha Fréchines, karibu na mji wa Blois. Huko alipima mbolea, mifugo na mavuno mwaka hadi mwaka. Aliona kwamba wakulima wengi walikosa mifugo ya kutosha, hivyo wakakosa samadi, hivyo wakavuna kidogo. Aliandika pia kwamba kodi nzito ni moja ya mambo yanayowarudisha nyuma wakulima. Chakula kilipoadimika mwaka 1788, aliukopesha mji wa Blois fedha za kununulia nafaka bila riba.

Hata hivyo alibaki ndani ya kampuni ya kodi. Katika miaka ya 1780, kwa pendekezo lake, kampuni ilijenga ukuta kuzunguka Paris ili bidhaa zisiingie bila kulipiwa. Wakazi waliuchukia ukuta huo. Mwanasiasa Jean-Paul Marat, ambaye zamani maandishi yake kuhusu moto yalipuuzwa na Lavoisier, alimshambulia katika gazeti lake, akidai hata kwamba ukuta umezuia hewa kuingia mjini.

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, mwaka uleule wa kitabu chake. Kwanza Lavoisier aliyatumikia. Alikuwa katika tume iliyoandaa vipimo vipya vya nchi nzima, na alishiriki kupima uzito wa maji ili kupata kipimo cha uzito. Kilo tunayonunulia sukari dukani ilitokana na kazi ya tume hiyo.

Lakini Novemba 1793 iliamriwa kwamba wakusanyaji wote wa kodi za mfalme wakamatwe. Lavoisier alijificha siku chache, kisha akajisalimisha. Miongoni mwa mashtaka ni kwamba waliwaibia wananchi kwa kuongeza maji kwenye tumbaku. Kesi ilisikilizwa tarehe 8 Mei 1794, na siku hiyohiyo Lavoisier, baba mkwe wake na wenzao zaidi ya 20 wakakatwa vichwa hadharani. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Marie-Anne alimpoteza baba na mume siku moja. Mali zao zilichukuliwa, naye akafungwa kwa muda. Baada ya hali kutulia alirejeshewa mali, na akachapisha maandishi ya mwisho ya mumewe. Alifariki mwaka 1836.

Tufikirieje kuhusu Lavoisier?

Hatuwezi kuitenganisha sayansi yake na chumvi iliyotozwa kodi kwa maskini, kwa sababu ndiyo iliyolipia vifaa vyake. Wala hatuwezi kusema hukumu ya siku moja ya kukata vichwa kwa mkupuo ilikuwa haki. Yote mawili yalitokea, na msikilizaji anaweza kuyapima mwenyewe.

Tunachoweza kusema bila shaka ni kwamba alituachia swali zuri la kuuliza mbele ya mabadiliko yoyote, yawe jikoni, shambani au kiwandani. Je, kitu hiki kimebadili sura tu, au kimezaliwa kipya? Na kama sehemu yake haionekani tena, imekwenda wapi? Mkulima anayechoma mabua shambani na kuona majivu tu yamebaki, anaweza sasa kujua kwamba sehemu kubwa ya mabua hayo imekwenda hewani, na haitarudi kwenye udongo wake msimu ujao. Aliyeyafukia au kuyafanya mboji ameibakiza kiasi kikubwa zaidi shambani mwake.